Biashara kwa Jina la Obadiah

Peris Wakesho alikuwa amekwisha kuchagua mapazia kumi na manane na kuyafunga kwa kamba ya katani, simu ilipomwambia kwamba hawezi kutoa pesa. Alijaribu tena. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko Taveta, na nyuma yake wanawake wawili walikuwa wakisubiri aondoke ili nao wapate nafasi ya kuinamia rundo. Alijaribu mara ya tatu, ndipo ujumbe ukaja: pesa zilizomo zimezuiliwa kwa agizo la ofisi ya ushuru, mwenye akaunti afike ofisi iliyo karibu naye.

Zubeida, mwenye mali, hakumharakisha. Walikuwa wamefanya biashara miaka minne. Kila baada ya wiki mbili Peris alitoka Voi, akachagua mapazia na mashuka ya mitumba, akarudi nayo nyumbani kwake, mtaa wa Mwakingali. Huko aliyafua, akayapiga pasi, akayatundika kwenye dirisha la sebuleni na kuyapiga picha. Picha alizipeleka Facebook na WhatsApp, na wateja wakamlipa kwa till, nambari ya kupokelea malipo kwa simu: watu wa Voi, wa Miasenyi, wa Bura, wa Mghange, hata wa Mombasa, wengi wao asiowahi kuwaona uso kwa uso.

"Kuna nini, mwenzangu?" Zubeida aliuliza.

Peris alisema ni mtandao. Zubeida akamwambia achukue tu mzigo, atatuma pesa zikipatikana, lakini Peris hakuwahi kukopa pale na hakujua sasa angelipa lini. Alikataa. Akaifungua kamba mwenyewe. Kabla hajamaliza, mmoja wa wale wanawake alikuwa amekwisha kuchomoa jozi ya rangi ya maziwa yenye bitana, aina ile ile ambayo mwalimu mmoja wa Bura alikuwa ameiagiza na kuilipia tangu Jumapili.

"Hii umeiacha, sivyo?" yule mwanamke alisema.

"Nimeiacha," Peris alijibu, akasogea kando na kumpigia mumewe.

Obadiah alikuwa kwenye benchi la Mutiso, fundi wa viatu karibu na stendi ya Voi, mahali alipokaa kila siku tangu saa tatu asubuhi hadi jua lipungue. Aliposikia maneno "ofisi ya ushuru" aliinuka akaenda nyuma ya kibanda. Alimwambia Peris kwamba itakuwa ni hitilafu tu, arudi nyumbani, yeye ataishughulikia kesho. Alisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Kisha alibaki amesimama pale, kwa sababu alijua haikuwa hitilafu.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa umemfikia Machi mwaka uliotangulia. Ulikuwa wa adabu. Ofisi ya ushuru ilisema imeona pesa nyingi zikiingia kwenye till iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake, ilhali kila Juni ritani yake, yaani fomu ya kutangaza kipato, inasema nil, hana kipato chochote. Tafadhali aeleze. Obadiah aliufuta. Wa pili aliufuta pia. Wa tatu, wa Februari, ulikuwa na hesabu ya ushuru anaodaiwa na ulimpa siku thelathini za kuipinga. Huo aliusoma chooni, akaufuta.

Hakuwa mwizi. Alikuwa mtunza stoo katika shamba la katani kwa miaka kumi na tisa, mpaka walipopunguza watu naye akawa miongoni mwao. Tangu hapo alijiita dalali wa mashamba, na kwa muda wote huo alikuwa ameuzia watu ploti moja tu, katika mtaa uitwao Sikujua. Kwa hiyo kila Juni alipokwenda saiba, kwenye kibanda cha intaneti, na kulipa shilingi mia moja ajaziwe nil, alijaza ukweli wake. Hakuwa na kipato. Lakini Peris alipotaka kufungua till, ni Obadiah aliyesema kwamba biashara ya nyumba huandikwa jina la mwenye nyumba. Laini ya till ilikaa kwenye simu ndogo ya Peris. Barua za ushuru zilikuja kwenye simu ya Obadiah. Na ili aeleze zile pesa ni za nini, ingebidi aseme kwamba ni mkewe anayemlisha.

*

Kesho yake Obadiah alivaa shati lake la kanisani, akamwambia Peris anakwenda kuuliza mambo ya mtandao, akaenda ofisi ya ushuru peke yake. Alikusudia kulimaliza jambo kabla mkewe hajajua lilikuwa jambo gani.

Watu walikaa kwenye viti vilivyopangwa mistari, na meza ya afisa ilikuwa hatua tatu tu mbele yao, hivyo kila aliyezungumza alisikika. Mutiso alikuwa mstari wa pili, amekuja kutafuta PIN yake ya ushuru iliyopotea. Walisalimiana. Obadiah alisema amekuja kwa shughuli za mashamba.

Afisa aliyemwita alikuwa Pauline, binti wa jirani wa zamani, aliyesoma Sunday school kwa Obadiah alipokuwa mtoto. Alimtambua mara moja.

"Karibu, Mwalimu," alisema, akageuza kompyuta na kusoma. Alisoma kwa muda mrefu. "Hii biashara ya till ni yako?"

"Ni yangu."

"Unauza nini?"

"Mapazia. Na mashuka. Kwa simu."

Pauline aliuliza ananunua wapi, naye akasema Taveta. Akauliza jozi moja ya mapazia hununua kwa bei gani. Kwa miaka minne Obadiah alikuwa ameyaruka yale mapazia sakafuni akienda kunywa chai, amelala chini ya kamba yalikoanikwa siku za mvua, na hakuwahi hata mara moja kuuliza.

"Inategemea," alisema.

"Inategemea nini, Mwalimu?"

"Ukubwa."

"Basi jozi ya kawaida tu."

"Mia mbili," Obadiah alisema, na mama mmoja nyuma yake akacheka, akasema kwamba kama kuna mapazia ya mia mbili hata yeye aelekezwe. Wengine walicheka pia. Pauline hakucheka. Alisogeza kiti chake karibu zaidi na kuendelea kwa sauti ya chini. Alionyesha kwamba kila tarehe tano ya mwezi watu kumi na wawili walituma shilingi elfu mbili mbili kwenye ile till. Aliuliza kama hao ni wateja.

Zilikuwa pesa za chama cha Peris, wanawake kumi na wawili waliochangiana kwa zamu. Obadiah hakujua. Alijua tu kwamba akionekana hajui mara ya pili, wale watu nyuma yake wangeelewa kila kitu.

"Ni wateja," alisema.

Pauline akaandika. Akamwonyesha pa kutia sahihi, naye akatia. Kisha akamweleza kwamba anayeuza vitu kwa faida, hata akiwa mtu binafsi asiye na duka, hata akiuzia kwenye simu, ana biashara kama mwenye duka. Mauzo yakipita milioni moja kwa mwaka, kuna asilimia tatu ya kulipa kwenye mauzo yote, na ritani ya kila mwezi. Kwa miaka miwili, pamoja na faini za kuchelewa na riba, deni lilikuwa shilingi laki moja na elfu sita. Siku thelathini za kulipinga zilikwisha kupita.

Obadiah alishika ukingo wa meza. Pauline alimtazama, akasema polepole ili wengine wasisikie:

"Kama yuko mtu mwingine anayeijua hii biashara vizuri, Mwalimu, rudi naye."

Alipogeuka kuondoka, Mutiso alikuwa ameinamisha kichwa na kuishughulikia simu yake kama mtu anayesoma habari nzito. Hakuinua uso. Mke wa Mutiso alikuwa amenunua mapazia mara mbili, na mara zote mbili alimtafuta Peris, si Obadiah.

*

Obadiah alifika nyumbani adhuhuri. Peris alikuwa akipiga pasi shuka la mwisho lililobaki nyumbani, simu ameibana kati ya sikio na bega. Alikuwa akimsihi mwalimu wa Bura ampe hadi wiki ijayo, akisema kwamba siye mtu wa kula pesa za watu, kwamba ana binti palepale Bura, Shanice, kidato cha nne, na hawezi kuthubutu kumtia mtoto wake aibu. Yule mwalimu alikuwa akisema maneno makali. Sauti yake ilisikika mpaka mlangoni. Obadiah alisimama akasubiri simu ikatwe, kisha akamweleza mkewe kila kitu, toka ofisini kurudi nyuma mpaka ujumbe wa kwanza.

Peris alimsikiliza huku pasi ikiendelea kutembea juu ya shuka.

"Huo wa kwanza ulikuja lini?" aliuliza.

"Machi."

"Machi hii?"

"Ya mwaka jana."

Peris aliizima pasi. Aliuliza chama nacho amekisemaje, maana zile pesa za tarehe tano alizijua. Obadiah alisema ameziita za wateja na kutia sahihi. Peris akaketi juu ya furushi la mashuka.

"Kwa nini hukuniambia, Baba Shanice? Mimi ningekwenda. Ningechukua daftari langu, niende niseme."

"Ningesema nini pale mbele ya watu? Kwamba mimi nalishwa?"

"Kwani huli?"

Obadiah alianza kufungua vifungo vya shati la kanisani.

"Umeniona nikiamka," Peris alisema, wala hakuinua sauti. "Umeniona nikibeba. Ukikutana na watu unasema ni pesa za ploti. Hilo nililijua, nikalinyamazia, nikaona ni maneno tu ya wanaume. Lakini kumbe jambo uliloficha mwaka mzima ni mimi."

Obadiah alitaka kumwambia kwamba haikuwa hivyo. Lakini ilikuwa hivyo. Peris aliinuka, akachukua kutoka chini ya kitanda madaftari manne ya shule yaliyofungwa kwa mpira, akayapangusa vumbi kwa kanga yake. Siku hiyo alimpakulia mumewe chakula kama kawaida na yeye mwenyewe akala jikoni.

*

Ijumaa walikwenda pamoja. Pauline alimwekea Peris kiti, naye Obadiah akabaki amesimama mpaka mtu alipompa nafasi kwenye benchi la ukutani.

Peris alifungua daftari la kwanza. Alijua kila jozi aliinunua kwa kiasi gani, nauli ya kwenda na kurudi, sabuni, tokeni za umeme wa pasi, gharama ya kutuma mzigo. Alijua wateja waliorudisha mapazia kwa sababu ya doa na akawarudishia pesa. Alieleza kuhusu chama, akataja wanachama wote kumi na wawili na nambari zao. Alieleza pia kwamba kaka yake aliye Mombasa hutuma karo ya Shanice kwa till hiyo hiyo. Pauline alikuwa akiandika haraka. Kisha akaacha kuandika.

"Lakini hapa Mwalimu alisema hawa ni wateja, na akatia sahihi."

Peris hakugeuka kumtazama mumewe. Alingoja tu, mikono yake juu ya daftari, na Obadiah akajua kwamba safari hii hatamsemea.

Alisimama. "Nilidanganya," alisema. "Biashara si yangu. Ni ya mke wangu. Mimi siijui."

Wale waliokuwa kwenye viti walikuwa wengi kuliko jana. Hakuna aliyecheka, na ingekuwa afadhali wangecheka.

"Na mimi nina kosa langu," Peris alisema. "Nilisikia redioni wakisema wanaouza mtandaoni walipe ushuru. Nikajiambia wanawasema wale wakubwa, wenye magari. Sikuuliza mtu. Naomba hilo nalo liandikwe."

Pauline alisema kwamba hesabu inaweza kupitiwa upya, lakini kwa kuwa muda wa kupinga ulipita, ni lazima Obadiah aandike barua ya kueleza sababu ya kuchelewa. Sababu zinazokubalika zaidi, alisema, ni kama mtu alikuwa nje ya nchi au alikuwa mgonjwa. Akampa karatasi.

Obadiah alimwinamia mkewe. Alimnong'oneza kwamba binamu yake Hillary anafanya kazi katika zahanati moja ya binafsi, hawezi kukosa kumpatia cheti cha ugonjwa cha tarehe za Februari. Faini zingepungua nusu. Ingekuwa karatasi moja tu.

"Ulikuwa mgonjwa?" Peris aliuliza.

"Hapana."

"Basi andika ulivyofanya."

Aliandika akiwa amesimama, karatasi juu ya meza ya Pauline. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wa mtu aliyejaza vitabu vya stoo miaka kumi na tisa. Aliandika kwamba alipokea taarifa zote tatu, akazifuta, akamficha mkewe, kwa sababu aliona haya watu wajue kwamba yeye hana kazi na kwamba mkewe ndiye anayetunza nyumba. Mistari minne. Pauline aliisoma, akaipiga muhuri, akaitia kwenye faili, na uso wake ulikuwa umemwiva kama ni yeye aliyeandika.

*

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Pesa za chama na za karo zilitolewa kwenye hesabu. Zilipotoka, mauzo ya mwaka wa kwanza hayakufika milioni, na faida yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakukuwa na ushuru wa kulipa, ila ritani isahihishwe. Mwaka wa pili ulibaki. Sababu ya kuchelewa haikuonekana ya kutosha, kwa hiyo faini na riba zilibaki pia. Jumla ikawa elfu hamsini na saba na mia sita, za kulipwa kwa miezi sita. Kama angeleta kile cheti, labda ingekuwa pungufu. Peris aliikunja barua na kuiweka ndani ya daftari, wala hakulitaja hilo, si siku hiyo wala baadaye.

Pesa zilizozuiliwa ziliachiliwa, till ya zamani ikafungwa, ikafunguliwa mpya kwa jina la Peris Wakesho, na Peris akajifunza kutoa risiti za ushuru kwa simu. Aliongeza bei kidogo. Wateja kadhaa walimwandikia kwamba amekuwa na maringo, wakahamia kwa wengine. Mwalimu wa Bura alirudishiwa pesa zake zote na hakununua tena.

Habari ilifika kanisani kabla ya Jumapili ya pili. Mchungaji alimwita Obadiah pembeni akamwomba apumzike kidogo kufundisha watoto, mpaka mambo yatulie. Obadiah alikubali upesi mno, hata mchungaji akaona haya. Kwa Mutiso alirudi mara moja tu. Mutiso alimpisha kwenye benchi kama siku zote, akamzungumzia mvua, akamzungumzia bei ya soli, akamzungumzia kila kitu isipokuwa mashamba. Obadiah aliona jinsi rafiki yake anavyojitahidi kukwepa neno moja, akaaga kabla ya saa nne.

Alianza kufua. Hakuombwa. Peris alimkuta asubuhi moja ameinama juu ya beseni uani, mikono ya shati imekunjwa, majirani wakimwona. Alimwonyesha jinsi ya kuyasuuza mapazia yenye bitana bila kuyakamua, akaenda zake ndani. Walikuwa bado hawazungumzi sana.

Mwezi wa tatu wa malipo, Jumatano, Obadiah alimwomba mkewe waende pamoja Taveta. Peris alifikiri kidogo kabla ya kukubali, na Obadiah akadhani anafikiria nauli.

Zubeida alifurahi kumwona Peris. Alimuulizia Shanice na mitihani, akamwekea kando jozi mbili nzuri. Kisha akamwona mwanamume aliyesimama nyuma yake.

"Ndiye shemeji huyu?" alisema, akajitengeneza mtandio. "Karibu sana, shemeji. Leo ndiyo wamekupa ruhusa huko reli? Miaka yote hii, kila nikimuuliza mwenzangu mbona anabeba peke yake, aniambia shemeji ana zamu, reli haimwachii nafasi. Nami nikasema, kazi ya serikali ndivyo ilivyo."

Obadiah alimtazama mkewe. Peris alikuwa ameinamia rundo, akiligeuza pazia lile lile upande huu na upande ule, na shingo yake ilikuwa ngumu. Hakuinua kichwa. Miaka minne, kila wiki mbili, kwenye kibanda hiki, alikuwa mtu wa reli. Peris alikuwa amempa kazi, akampa na zamu, kwa sababu naye aliona haya kuwaambia watu ukweli.

"Hapana, mama," Obadiah alisema. "Sijapata kufanya kazi reli. Sina kazi. Nimekuja kumbebea mke wangu."

Zubeida alimtazama yeye, akamtazama Peris, na kwa muda hakujua aweke wapi macho yake. Alikuwa mwanamke wa adabu. Alichukua kamba, akampa ncha moja.

"Basi shika hapo, shemeji," alisema. "Ukaze."

Obadiah alipiga magoti vumbini akaikaza kamba. Upande wa pili wa mzigo Peris naye alipiga magoti, akaibana mikunjo kwa viganja vyote viwili ili fundo lishike. Nyuso zao zilikuwa karibu. Machozi yalikuwa yakimtiririka Peris, naye hakuyafuta, maana angeachilia mikono mzigo ungefunguka.

"Nisamehe," Peris alisema kwa Kidawida, lugha ya kwao, ili Zubeida asielewe.

"Shika vizuri," Obadiah akamwambia, naye pia kwa Kidawida, akafunga fundo la pili.